Madamazeli Hataki Asubuhi

Kwa tangazo hili ninauarifu umma wote wa Kamina, wenyeji na wakimbizi, raia na wenye bunduki, kwamba mnamo Jumatano ya wiki ya pili ya Julai, mwaka 1999, saa kumi na mbili na robo asubuhi, msafara mtukufu wa Mzee Shafii uliondoka kuelekea Kaniama kumrudisha mtoto aliyepotezwa na vita. Msafara huo ulikuwa na gari moja la viti viwili, chupa mbili za chai, mihogo ya kuchemsha na dua ndefu. Ulisafiri hatua kumi na saba, ukasimama mbele ya banda la mbuzi, na hapo ukagoma.

Mzee Shafii ni baba yangu. Mimi ni Kiza, bintiye wa pekee, umri miaka kumi na sita, niliyesomeshwa bweni na watawa hadi vita vilipolifunga bweni na kunirudisha nyumbani pamoja na sanduku langu la bati, Kifaransa changu na utundu wangu. Ninaandika haya kwa hiari yangu, au jirani ya hiari.

Gari lenyewe linahitaji utambulisho. Lilizaliwa Ulaya mwaka 1962, likaletwa kwa behewa na mhandisi Mbelgiji aliyeamini kwamba mahali penye reli hapawezi kukosa lami. Alipokata tamaa na lami, alimwachia babu yangu gari, akaenda zake. Ni jekundu, fupi, limelala chini kama mjusi anayeota jua, na mji mzima huliita Madamazeli. Askari walipokuja kuchukua kila kitu chenye magurudumu manne, walifika kwetu pia. Afisa wao alilizunguka mara mbili, akauliza bunduki kubwa itawekwa wapi, akauliza mbuzi atawekwa wapi, akaondoka akicheka. Ndivyo gari lisilofaa kwa lolote lilivyobaki kuwa gari pekee la raia mtaani kwetu.

Na sasa lilikuwa na kazi moja tu ya maana katika maisha yake, nalo lilikuwa limesimama mbele ya mbuzi.

Mama Mdogo Amida, ndugu wa marehemu mama yangu, alishuka taratibu. Mwaka uliotangulia, mji wa Kongolo ulipokimbiwa, umati wa watu stesheni ulimnyang'anya mkono wa mwanawe Sudi, mwenye miaka saba, na treni ikaondoka. Tangu siku hiyo alitembea na kusema kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni, anayeogopa tone lisimwagike. Kisha Jumatatu ya wiki hiyo redio ya misheni ilileta ujumbe: kule Kaniama, kwa familia ya wakulima ya mzee Kitwa, kulikuwa na mtoto aitwaye Sudi, mwenye kovu la pasi kwenye kiganja cha kushoto. Lakini familia hiyo nayo ilikuwa ikihama. Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita, wangeswaga ng'ombe wao kuelekea Kasai, na mtoto wangekwenda naye. Nani angemtafuta tena katika Kasai nzima?

Kizuizi cha kutoka mjini kilikuwa kikifunguliwa kila alfajiri na kufungwa kutwa nzima kuanzia saa tatu asubuhi. Safari ya Kaniama, kwa njia ya vumbi na gari la tumbo la chini, ni ya siku nzima. Hata mimi, ambaye hesabu ilinifukuza kila muhula, niliona kwamba alfajiri ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa.

Nilikuwa mlangoni na kitambaa cha kupungia. Sikukipunga.

Fundi Esdras alikuja kwa baiskeli, mfuko wa spana begani. Ni mzee wa Kiluba, aliyefundishwa kazi katika garaji la reli enzi ambazo garaji lilikuwa na reli na reli ilikuwa na treni. Yeye hafungui boneti kabla ya kumhoji mwenye gari. Alimkalisha baba kwenye kigoda, akachuchumaa mbele yake kama daktari.

"Papa Shafii, eleza. Iko mugonjwa tangu siku gani?"

"Tangu leo."

"Apana. Gari haigonjwe siku moja. Jana ilikuwa namna gani?"

"Jana mangaribi nilienda nayo soko. Ilikuwa inaenda kama maji."

"Na jana asubui?"

Baba huendesha Madamazeli mchana na jioni tu, watu wakiwa barabarani wa kumtazama.

Esdras aliingia garini, akakanyaga pedali ya klachi, ambayo sisi huiita ambreyaji. Naomba nafasi ya kueleza jambo hili, kwa sababu nililielewa nikiwa nimechelewa. Mguu husukuma pedali, pedali husukuma mafuta katika bomba jembamba, na mafuta husukuma silinda ndogo iliyo kando ya giaboksi. Hiyo ndiyo huiachanisha injini na magurudumu ili ubadilishe gia. Mafuta yakipungua, pedali huanguka kama mlevi. Hewa ikiingia, hunepa kama godoro. Lakini pedali ya asubuhi ile ilikuwa ngumu kama mzizi, na ilipokubali kushuka ilipanda tena polepole, kwa kinyongo.

"Njia imeziba," alisema Esdras. "Kipira kya bomba kimevimba kwa ndani. Kinaacha mafuta kupita, kinakatala kurudisha."

Ilikuwa dhana nzuri, na alikwenda kufungua kipira kingine kwenye mzoga wa lori nyuma ya soko. Alipomaliza kukifunga, akayarudisha mafuta aliyoyakinga kwenye kopo jeusi la grisi, akatoa hewa yote kwenye bomba na kumwita baba, ilikuwa saa nane mchana na jua limesimama juu ya boneti. Pedali ilishuka kama kisu kwenye papai. Baba alizunguka uwanja mara tatu akipiga honi. Mama Mdogo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu, tabasamu dogo, la kujaribia.

Alhamisi alfajiri, baridi ikiwa imewafanya mbuzi walale mmoja juu ya mwingine, msafara mtukufu uliondoka tena. Ulisafiri hatua kumi na moja.

"Tuisukume," baba alisema. "Ikishawaka katika gia, inaenda bila ambreyaji."

"Inaenda," Esdras alikubali. "Lakini kufika Kaniama kuko vizuizi kumi na vine. Kila kimoja utasimama. Utaomba basoda ba bunduki bakusukume mara kumi na ine?"

Ndipo baba alipokasirika, na hasira ya mtu mpole ni mbaya kwa sababu haijui njia.

"Fundi, ni weye tu ulifungua gari hii mwezi uliopita. Ulitia nini ndani?"

"Nilitia mafuta ya freni, ni ile ile kwa breki na ambreyaji. Chupa ya mwisho ya Kamina muzima. Weye mwenyewe ulikuwa unaangalia."

"Niliangalia mikono yako. Sikuangalia chupa."

Esdras alichukua kitambaa akajifuta vidole, kimoja baada ya kingine, ingawa vilikuwa bado safi. Alikuwa fundi wa Madamazeli tangu enzi za babu. Mtaa ulikuwa umekwisha kukusanyika kwenye ua wa matete, na mtaa wa Kamina hausahau sentensi kama ile. Kufikia adhuhuri ingekuwa imefika stesheni na kurudi ikiwa na mikia miwili. Nilimtazama mzee yule akijifuta vidole, nami nilikuwa na neno la kusema. Nililimeza. Nilikuwa hodari wa kumeza.

Angeweza kuchukua baiskeli yake akaondoka. Badala yake alimtazama Mama Mdogo, aliyekuwa amekaa tayari kwenye kiti cha abiria, mlango wazi, sweta ndogo ya kijani mapajani, kana kwamba kukaa kwake kungelitia gari aibu likatembea.

"Jana asubui ilikatala," Esdras alisema, akiongea na gari zaidi kuliko na sisi. "Saa nane ikakubali. Minyi nikasema njo kipira. Lakini kama haikuwa kipira? Kama ni jua njo lilifanya kazi, minyi nikapokea sifa?"

Akatandaza gunia, akajilaza chini ya gari lililokuwa bado baridi.

"Kiza, mama, panda. Nikisema finya, unafinya pedali."

Nikapanda. Mama Mdogo aliniwekea mkono begani, wa kunitia moyo. Ningependa mkono ule ungekuwa mzito kidogo, au ungenifinya.

"Finya."

Nilikanyaga kwa miguu miwili. Kwa muda hakikutoka kitu. Kisha nilisikia mzee akiguna. Kutoka kwenye skrubu ya kutolea hewa, alituambia baadaye, palichungulia kitu kama dawa ya meno inayotoka kwenye tyubu, polepole, cha rangi ya chungwa. Alikipokea kwa kidole gumba, akatoka chini ya gari, akakinusa, akakionja.

"Mawese," alisema. "Papa Shafii, gari yako inakosa majani ya sombe tu. Tungekula."

Mtaa mzima ulicheka nyuma ya matete. Baba hakucheka. Mama Mdogo aliitazama ile rangi kwenye kidole cha fundi kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Hapa naomba msomaji atazame kando kidogo, mpaka nimalize aya hii.

Nyumba yetu iko hatua mia tatu kutoka msikitini, na kila Ijumaa baba huenda kwa gari, kwa honi. Niliona ni wajibu wangu, kama mtu aliyesoma, kuirekebisha hali hiyo. Alhamisi ya wiki iliyotangulia, watu wakiwa wamelala mchana, nilifungua kikopo cha mafuta ya klachi, nikayanyonya kwa bomba la sindano lisilo na ncha na kuyaweka katika kikombe, ili Ijumaa pedali ianguke mbele ya waumini wote. Ningeyarudisha baada ya sala. Mimi si mwizi. Lakini nilikiweka kikombe chini, mbuzi akakipiga teke, na ardhi ikanywa mafuta ya mwisho ya Kamina nzima. Kwa hofu nilikimbilia jikoni, nikachukua mawese, nikayachuja kwa mtandio na kujaza kikopo. Katika joto la mchana yalikuwa mepesi, yaking'aa. Ijumaa Madamazeli alikwenda msikitini kwa madaha yake yote, nami nikajipongeza kwa uhodari. Kila asubuhi ya Julai tangu utotoni nimeyakwangua mawese yaliyoganda kwa kijiko. Jikoni nililijua hilo. Garini sikulikumbuka.

Jumatatu redio ilipoleta jina la Sudi, bado ningeweza kusema. Jumatano pia. Kimya nacho huganda.

Esdras alifanya kazi siku ile kama mtu asiyetukanwa. Alifungua silinda zote mbili za klachi, akaonyesha raba za ndani: zilikuwa zimevimba kama sikio lililong'atwa na nyuki. "Mawese haipendane na raba," alisema. Alikata nyingine kutoka silinda ya lori, akazisugua kwenye jiwe mpaka zikatosha. Kisha akaomba lutuku.

"Pombe?" baba alisema. "Mu lupango, mu nyumba yangu?"

"Haitakunywa muntu, Papa Shafii. Itakunywa bomba. Pasipo pombe kali, mafuta ile haitoke."

Mama Mbuyu, anayepika lutuku kali kuliko zote upande huu wa reli, aliingia kwa mlango wa nyuma na galoni lililofunikwa kwa kitenge, akimsalimia baba bila kumtazama, na baba akamwitikia akitazama mti. Mabomba yalioshwa mara tano. Harufu ilikuwa ya dhambi, na mbuzi walisogea karibu.

Mafuta mapya ndiyo yalikuwa kitendawili, maana chupa hazikuwepo. Esdras alinituma zahanati ya watawa nikaombe mafuta ya nyonyo, yaleyale ambayo bweni letu zima lilinyweshwa mwanzo wa kila muhula ili tuanze masomo tukiwa wepesi. Aliyachanganya na lutuku, akatikisa, akaangalia mbele ya mwanga.

"Zamani, mbele ya chupa za dukani kufika, bazungu balikuwa banatia hii," alimwambia baba. "Gari ya zamani, raba ya zamani. Itaipenda."

Saa kumi alasiri pedali ilishuka na kupanda, laini, mara ishirini. Alilizungushia bomba zima barafu ya soko la samaki, iliyofungwa kwenye gunia, ili kuiga baridi ya alfajiri, akangoja, akakanyaga tena. Laini. Mama Mdogo alifumba macho.

Ndipo Esdras alipoinama tena juu ya injini, akagusa kikopo cha pili, kilicho bega kwa bega na kile cha klachi.

"Hii njo ya freni," alisema.

Alifungua kifuniko, akachungulia ndani.

"Vikopo viko mapacha. Mwenye kutia mule, alitia na humu? Naona mafuta ni meusi, haikuganda. Lakini kidogo tu kinatosha. Kinaenda pole pole mpaka mu raba. Ambreyaji ikikufa, unasimama. Freni ikikufa mu mulima wa Kaniama, na mutoto iko juu ya magoti ya mamake..." Aliliachia neno lianguke lenyewe. "Nitafungua miguu yote ine. Nitaosha, nitatafuta raba."

"Kwa muda gani?" Mama Mdogo aliuliza.

"Mpaka Jumamosi mangaribi."

"Jumamosi mangaribi," alirudia Mama Mdogo, kwa sauti ile ya ndoo iliyojaa.

"Muntu mwenye alifanya iko anajua," alisema Esdras. "Minyi sijue." Akaanza kulegeza nati za gurudumu la mbele.

Niliingia ndani. Nilifanya kile ambacho elimu yangu ilinifundisha: nilichukua karatasi na kalamu, nikaandika tamko lisilo na jina. Baba alipomaliza kusali alasiri alilikuta juu ya boneti, chini ya spana. Alilisoma kwa sauti.

"'Kwa wahusika wote. Kifungu cha kwanza: Mkosaji, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake hawezi kutaja jina, anathibitisha kwamba fundi Esdras hana hatia yoyote. Kifungu cha pili: Kikopo cha breki hakikuguswa. Kifungu cha tatu...'" Sauti ya baba ilipungua mwendo. Aliishusha karatasi kidogo. "'Kifungu cha tatu: Mkosaji anaomba radhi kwa unyenyekevu na taadhima.'"

Esdras hakuacha kulegeza nati. "Karatasi haina macho," alisema. "Siwezi kuuliza karatasi kitu."

Katika Kamina nzima, pamoja na askari wake wote, mtu mmoja tu angeomba radhi kwa vifungu. Baba hakunitazama, alikunja karatasi mara mbili, mara nne, kwa uangalifu, kana kwamba anaikunja aibu ili iingie mfukoni.

"Kiza," Mama Mdogo aliita. Hakupaza sauti. "Kuja hapa."

Nikaja. Nilikuwa nimetayarisha hotuba; niliitafuta, sikuiona.

"Nani alitia mawese?"

"Mimi."

Baba alimgeukia Esdras. "Fundi, asubui nili..."

"Kisha, Papa Shafii," alisema mzee, akiinuka na mkono kiunoni. "Mbele mutoto amalize, kisha weye."

Mama Mdogo alichuchumaa mbele yangu, akautafuta uso wangu kutoka chini, maana nilikuwa nimeinamisha kichwa. Hakuuliza kwa nini. Hata leo hajaniuliza kwa nini.

"Kikopo kya freni, ulifungua?"

"Hapana."

"Sindano yako ilipita juu yake?"

Neno la hapana lilikuwa tayari ulimini, jepesi, safi, nalo lingewatoa wote alfajiri. Nilimwona Sudi juu ya magoti yake, gari likianza kushuka.

"Ilipita," nikasema. "Mkono ulikuwa unatetemeka. Tone moja la mawese lilianguka."

"Ndani?"

"Juu ya kifuniko. Kilikuwa kimefungwa. Nililifuta na kidole hiki."

Wote watatu walitazama kidole changu. Esdras aliushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga wa jioni, kama anavyoigeuza raba akitafuta ufa.

"Kilifungwa kabisa?"

"Kabisa, Papa Esdras. Naapa kwa..."

"Usiape. Eleza tena. Tangu mwanzo. Pole pole."

Nikaanza tena tangu mwanzo: honi, msikiti, sindano, kikombe, mbuzi. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye mtandio Mama Mdogo aliinuka, akaenda kwenye gari, akaketi mahali pake na kuichukua ile sweta ya kijani, nami nikaendelea kueleza, kwa sauti ya juu kidogo, ili asikie mpaka mwisho. Esdras alisikiliza macho yameinama, spana mkononi, juu ya nati ambayo alikuwa bado hajaamua kama ataifungua, au ataikaza ili waondoke alfajiri.